Mmea Hauambiwi Asante

Nimia alisema Bibi Ubertina ana mtoto ndani ya ndoo.

Aliyasema hayo akiwa amesimama kwenye kijia cha mbao kinachopita kati ya nyumba na nyumba, mkononi kashika fungu la giligilani mwitu alilokatiwa na huyohuyo Bibi Ubertina, na maji bado yanadondoka kwenye majani.

"Si ndoo zote," alisema. "Ile nyeupe, ya mwisho kabisa. Nimemsikia kwa masikio yangu. Anainama, anamwagilia, anauliza, 'Umeamkaje, baba? Umelala salama?' Haya niambie, mmea unaulizwa umeamkaje?"

"Labda anajisemea tu," alijibu jirani aliyekuwa akipaa samaki mlangoni kwake.

"Mbona majani ya ndoo ile hayakatwi? Umewahi kupewa hata jani moja la ndoo ile?"

"Sijapata."

"Basi," alisema Nimia, kama hakimu aliyefunga kesi.

"Na hiyo giligilani uliyoshika, utaila?"

"Hii imetoka kwenye sufuria, haikutoka kwenye ndoo. Mimi si mjinga."

Darlenis aliyasikia yote akiwa dirishani, mtoto yuko titini. Nyumba za mtaa ule wa ukingoni mwa mto, hapo mjini Quibdó, zimejengwa kwa mbao, na mbao haijui kutunza siri. Isitoshe, hakuwa na pa kwenda. Arobaini yake haijaisha. Mzazi haendi uani, hagusi maji baridi, hapigwi na upepo wa mvua, na Quibdó siku isiyo na mvua husimuliwa kama harusi. Kwa hiyo dunia yake yote ilikuwa chumba kimoja cha kupanga, kitanda, jiko la gesi, na dirisha. Chini ya dirisha, karibu kiasi cha kuguswa kwa mkono, ulipita mwisho wa benchi la mimea ya Bibi Ubertina.

Kama si benchi lile, Darlenis hajui angeipitaje arobaini hiyo. Mumewe, Yeferson, alikuwa kwenye mashua za ndizi huko mto unakoteremkia, na hurudi mwenye mashua akitaka. Mama yake mzazi alikuwa mto mwingine, safari ya maji na ya nchi kavu. Aliporudi kutoka hospitali na mtoto wake wa kwanza mikononi, hakuna aliyekuwa ndani wa kumpokea. Aliketi kitandani, akamtazama mtoto, mtoto akamtazama, na hakuna aliyejua nani aanze.

Ndipo dirisha likagongwa. Mkono mweusi wenye udongo kwenye mikunjo ya vidole ukaingia, umeshika giligilani mwitu, yale majani marefu yenye meno kama msumeno, na rehani, na poleo, ambayo ni kama nanaa iliyokataa kukua, na vitunguu vya majani viwili vitatu.

"Tia kwenye mchuzi wa kuku," sauti ilisema. "Poleo tia mwisho, ukishaepua. Kuku ninaye, anachemka. Nakuletea."

"Asan..."

"Nyamaza. Mmea hauambiwi asante. Ukiuambia asante unadhani kazi yake imekwisha, unakauka. Kula tu."

Tangu siku hiyo mkono ulikuja kila asubuhi, na kila asubuhi Darlenis aliimeza asante yake. Zilimjaa kifuani. Wakati mwingine, akimnyonyesha Saray, alihisi kana kwamba mtoto anazinyonya zile asante pamoja na maziwa, na akaona si vibaya, labda ndiyo njia yake.

Bibi Ubertina alikuwa mfupi, mpana wa nyonga, mwenye magoti ya kulalamika na macho yaliyoanza kuingia ukungu. Alivaa buti za mpira jua na mvua, ingawa jua lenyewe lilikuwa la kuazima. Watu wa mtoni tuna desturi: kitovu cha mtoto kikishadondoka, mahali pale hupakwa unga kidogo wa kitu ambacho wazazi wanataka tabia yake imwingie. Yeye walimpaka sisimizi mkubwa mkata majani, wakamwombea bidii. Walimwombea kupita kiasi. Hakuweza kukaa bure. Hata udongo wake ulikuwa wa sisimizi: alikwenda na gunia mpaka pembeni mwa msitu, akauchota kwenye vichuguu vyao, ule mweusi, laini, wenye majani waliyoyaozesha wenyewe chini, akauchanganya na unga wa gogo lililooza na maganda ya mayai yaliyopondwa.

"Sisimizi ni mkulima kunishinda," alisema. "Mimi ni kibarua wake."

Na vyombo vyake vilikuwa vya kuchekesha. Sufuria zilizotoboka, ndoo za rangi, beseni la kuogea mtoto, nusu ya jokofu lililokufa, na tangi la choo la kauri ambamo rehani ilistawi kuliko kwingine kote. Akitaniwa, alijibu kwamba rehani haijui ilikozaliwa, na mla supu haulizi. Vyombo vyote alivitoboa ubavuni, juu kidogo ya kitako, hakutoboa chini kabisa kama wafanyavyo watu wa mjini, ili maji ya mvua yaliyozidi yatoke na ya kutosha yabaki kwenye mizizi. Giligilani aliiweka kivulini, na kila ilipochomoza kile kikonyo cha ua alikikata kwa kucha. "Ukiiacha ichanue," alimwambia Darlenis, "jani linakuwa gumu kama neno la mama mkwe."

Maneno ya Nimia, basi, yalimwingia Darlenis sikio moja na kutaka kutokea la pili, lakini yalikwama njiani. Alipochungulia aliiona ile ndoo nyeupe, peke yake upande wa pili wa benchi, imeezekewa jani la mgomba. Ndani yake mlikuwa na mmea mmoja wa rehani ulioachwa ukawa mti, shina lake gumu kama kijiti. Haukukatwa hata siku moja. Lakini Darlenis alikuwa na lake la kumnyima usingizi, na hilo halikuwa la kusimuliwa kijiani.

Kitovu cha Saray kilikuwa kimedondoka, naye hakuwa na pa kukizika.

Kwetu mtoni mwanamke akijijua ana mimba hupanda mbegu kwenye bustani yake ya juu, mtumbwi mkuukuu uliojazwa udongo na kuinuliwa juu ya nguzo ili kuku na mafuriko wasiufikie. Humo ndimo zinamoota giligilani na vitunguu vya mchuzi wa kila siku, na humo humo, katikati ya viungo, unaota mche wa mtoto. Akizaliwa, kitovu chake kinazikwa kwenye mizizi ya mche ule. Mtu akiulizwa kwao wapi, anajua.

Darlenis hakupanda kitu. Angepanda wapi? Chini ya sakafu yake ya mbao hapakuwa ardhi wala maji, palikuwa matope ambayo mto Atrato huyachukua na kuyarudisha upendavyo. Alikifunga kile kitovu, kikavu, chembamba kama kipande cha tangawizi, kwenye kitambaa cheupe, akakitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akaliweka kopo juu ya kabati, kisha chini ya mto wa kulalia, kisha tena juu ya kabati, kwa sababu ya panya.

Mama yake alipiga simu.

"Umekizika?"

"Bado, mama."

"Unangoja nini? Panya akikila, mtoto anakuwa mwizi. Na kisipozikwa, mtoto hana kwao. Atazunguka na dunia kama gogo la mafuriko, leo huku kesho kule. Kizike kabla arobaini haijaisha, Darlenis, mahali penye kitu kinachoota. Wewe si ulizikiwa? Au nilikulea vibaya?"

"Hapana, mama."

"Sasa?"

"Nitakizika."

Angeweza kumwomba Bibi Ubertina. Mara ngapi mkono ule uliingia dirishani na yeye akafungua mdomo. Lakini mtu anayekupa kila siku bila kuruhusu hata asante, unaanzaje kumwomba tena? Na kumwambia kwamba hukupanda mbegu ya mwanao ni kama kukiri kwamba ulimpokea mgeni bila kutandika kitanda. Akaona haya. Haya ni mwizi mbaya, humwibia mwenye haja.

Hivyo alasiri moja, mtaa umelala usingizi wa mvua, alipitisha mkono dirishani na kijiko cha supu. Chombo kilichokuwa karibu kilikuwa sufuria kubwa ya giligilani mwitu, ile iliyotoboka. Akachimba ubavuni, polepole, asikate mizizi. Akakiweka kile kitambaa. Akanong'ona jina zima la binti yake pamoja na majina ya bibi zake wawili, akafukia, akapapasa udongo kama anavyopapasa mgongo wa mtoto akimbeulisha. Alipourudisha mkono ndani ulikuwa mweusi kwenye mikunjo ya vidole, kama wa Bibi Ubertina. Hakuunawa upesi.

Usiku huo alilala. Asubuhi, Bibi Ubertina alikata majani kwenye sufuria hiyohiyo akampa. Darlenis akayatia kwenye mchuzi, akanywa, na moyo ukajaa shukrani asiyojua aipeleke wapi. Akajikuta anainama dirishani, anaiambia sufuria kwa sauti ndogo, "Umeamkaje, mama?" Kisha akajishtukia, akatazama huku na huku kama Nimia yupo. Akaitazama ndoo nyeupe kule mwisho, akaitazama kwa muda.

Siku chache baadaye Bibi Ubertina aliketi chini ya dirisha akijipepea kwa kofia yake.

"Nasafiri," alisema. "Mwanangu Jáminton ananiita kwake Medellín. Mkewe amejifungua, na amenipatia daktari wa macho. Anasema nikikaa hapa nitakuja kumwagilia paka nikidhani ni rehani."

"Unarudi lini, bibi?"

"Macho yakipona. Mungu akipenda. Lakini hii mimea haingoji mtu. Ukiiacha kidogo imechanua, imekufa. Naigawa kwa majirani, kila mtu na chombo chake."

Darlenis aliitazama sufuria ya giligilani. Alijiambia, kesho akija na majani, nitaiomba hii. Neno moja tu. Nitasema: bibi, hii niachie mimi. Akalirudia neno hilo kimoyomoyo mpaka likalainika.

Lakini kesho yake mchana alipitiwa na usingizi, mtoto kifuani. Alipoamka, kwenye benchi palikuwa na duara kavu la mbao mahali sufuria ilipokuwa. Alitoa kichwa nje. Mbali kidogo kwenye kijia, nyonga zikicheza, Nimia alikuwa akienda kwake na sufuria kichwani, majani yakitikisika kama manyoya ya kofia.

"Dada Nimia," aliita. "Dada Nimia, ngoja."

Mvua ikaangukia mabati muda uleule, na sauti yake ikafa palepale dirishani. Angetoka, lakini kichanga kilikuwa mikononi, arobaini haijaisha, maji yanamwagika kijiani. Aliweka mguu kwenye kizingiti, akaurudisha. Akaketi kitandani. Machozi yakamtoka bila kelele, yale ambayo mtu huyaacha yashuke kwa kuwa mikono ina kazi.

Bibi Ubertina alimkuta hivyo alipoleta bakuli la uji wa ndizi.

"Mtoto ana homa?"

"Hana."

"Maziwa yamekatika?"

"Hayajakatika."

"Yeferson kapata mwanamke huko kwenye ndizi?"

Darlenis alicheka huku analia, na kicheko ndicho kilichomfungua mdomo. "Bibi, ile sufuria ya giligilani."

"Nimempa Nimia. Ameitolea macho tangu zamani, nikaona nimpe kabla hajaniombea nife. Kwani uliitaka?"

"Mwanangu yumo ndani."

Bibi Ubertina alimtazama kwa yale macho ya ukungu. Darlenis akamweleza yote: kopo la maziwa, panya, simu ya mama, kijiko, kitambaa. Alieleza akiangalia sakafu. Alipomaliza akainua uso akidhani ameudhi. Kumbe Bibi Ubertina alikuwa akicheka, kicheko cha ndani kwa ndani, mabega yanatetemeka, mpaka ikabidi aweke bakuli chini na kuketi kitandani.

"Miaka yote hii," alisema alipopata pumzi, "mwanamke huyu anawaambia watu nina mtoto kwenye ndoo. Na siku mtoto anapokuwemo kweli, anambeba mwenyewe kichwani na kwenda naye."

"Bibi, usinicheke. Akiimwaga je?"

"Sikucheki wewe. Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona haya. Unanipa kila siku."

"Kwa hiyo ukaona bora uniibie shimo." Akamfuta machozi kwa ncha ya kidole, akamwachia alama ya udongo shavuni. "Sikiliza. Ile ndoo nyeupe, Nimia hakukosea sana. Jáminton yumo."

Akamsimulia, kwa maneno machache, kwa kuwa mambo yenyewe yalikuwa ya zamani, mchele ulishatwangwa. Siku wenye bunduki walipofika kijijini kwao upande wa juu wa mto na kusema wasimwone mtu jua likizama, watu walipakia kwenye mitumbwi kuku, magodoro, vyungu, picha ya Mtakatifu Fransisko. Yeye alikuwa na mtoto mchanga mgongoni na kitovu chake kilikuwa kimezikwa majuzi tu kwenye bustani ya juu, chini ya rehani, kwa kuwa mche wa mnazi uligoma kuota. Akachukua ndoo, akachota udongo ule wote wa mahali pale, na rehani yake.

"Dada yangu alinipigia kelele kutoka mtumbwini. Ubertina, tunakimbia, wewe unabeba matope? Nikamwambia, godoro nitapata jingine. Ndoo ile ya kwanza ilioza, nikahamishia nyingine, na nyingine. Rehani hufa, napanda mbegu yake palepale. Udongo ni uleule. Huyo ndiye ninayemwamkia. Yule wa Medellín ana kilo tisini na simu haipokei."

"Ndiyo maana huikati."

"Utamkata mtu masikio ukamtia kwenye supu?" Akasimama, magoti yakalia. "Kaa hapo. Usitoke na mvua hii. Nakwenda kwa Nimia."

Nyumba ya Nimia ilikuwa ya tatu kutoka hapo. Mvua ilikuwa imepungua, na Darlenis akasimama dirishani, Saray begani, akisikiliza kila neno.

"Nimia. Sufuria yangu iko wapi?"

"Hata hodi hubishi, bi mkubwa? Sufuria yako umenipa, au umesahau? Mwenye kutoa akarudi kudai, huota kibyongo."

"Sidai sufuria. Nauliza iko wapi."

"Ile hapo, nimeisugua, naikaangia mahindi nikishaiziba tundu. Sufuria nzuri kama ile kuijaza udongo ni dhambi."

Darlenis alimshika Saray kwa mikono miwili. Aliegemea ubao.

"Na udongo?" ilisema sauti ya Bibi Ubertina, taratibu sana.

"Udongo nilitaka kuumwaga mtoni..."

Darlenis aliyasikia matone yakidondoka kutoka kila bati la mtaa.

"...nikaona ni mweusi mno, dhambi nyingine. Nimeutia kwenye pipa la mashine ya kufulia, pamoja na giligilani yake na vitunguu vyangu. Mbona unanitazama hivyo? Kuna nini?"

Kilichofuata kilisemwa kwa sauti ya chini, na ndicho pekee ambacho mbao zilikitunza. Darlenis alisikia tu Nimia akisema "Yesu wangu," kisha akasema tena, kisha hakusema kitu. Nimia kutosema kitu lilikuwa jambo geni mtaani. Hata jirani mpaa samaki alitoa kichwa nje kuangalia kama ameanguka.

Baadaye kidogo Nimia mwenyewe alikuja dirishani. Hakuwa amevaa kofia, na mvua ilimlowanisha nywele. Alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili.

"Darlenis, mdogo wangu," alisema. "Mwanao yuko kwangu, mzima. Nimetaka kumtafuta nimrudishe, Bibi anasema udongo ukishapokea haufukuliwi. Na umeshachanganyika na wangu."

"Sikujua nifanye nini, dada," alisema Darlenis. "Nisamehe."

"Nikusamehe nini? Mimi ndiye niliyekuwa nikaange mahindi." Alifuta uso, na Darlenis hakujua kama ni mvua. "Unajua watu wananiambia mimi nilipakwa ulimi wa kasuku kitovuni. Nawaacha waseme. Sikupakwa chochote. Nilizaliwa hospitali ya mjini, mama alikuwa mgonjwa, kitovu changu wakakitupa na pamba. Labda ndiyo maana nashinda kwenye milango ya watu. Sina pa kukaa." Akacheka kidogo. "Na sasa nina mtu kwenye vitunguu vyangu. Nilipoambiwa, kwanza nilitaka kukataa kukurudishia, nikwambie ukweli."

Darlenis alimtazama huyu mwanamke aliyemwogopa tangu ahamie pale, akaona ana kidoti kidogo shavuni ambacho hajawahi kukiona, kwa kuwa siku zote alimsikia bila kumtazama.

"Basi usinirudishie," alisema. "Lilete pipa hapa, chini ya dirisha. Vitunguu ni vyako. Uje ukate kila siku."

"Kila siku nitakuja kweli. Mimi si mtu wa kukaribishwa kwa utani."

"Tunajua," alisema Bibi Ubertina nyuma ya Nimia, "na Mungu amsaidie Darlenis."

Wakalileta, wanawake wawili na mpaa samaki akisaidia kwa mdomo, wakiliburuta kwenye kijia na kuliinua benchini mahali palipokuwa pamebaki duara. Lilikuwa pipa la chuma lenye vitundu pande zote, na Bibi Ubertina akalisifu, akasema hata yeye hajawahi kuwa na chombo kinachochujisha maji vizuri namna ile. Nimia akavimba kwa sifa. Kisha akainama, akayasogelea majani ya giligilani, na kwa sauti ambayo mtaa mzima uliisikia akauliza, "Saray, mjomba wako wa ndoo nyeupe hajambo?"

Arobaini ilipoisha, Darlenis aliogeshwa kwa maji ya majani, na wa kumwogesha walikuwa wawili, wanagombana kuhusu ukali wa moto. Alivaa gauni la kijani. Akatoka nje na Saray, akakanyaga mbao za kijia, na jua la kuazima likawapiga usoni wote wawili. Jambo la kwanza alilofanya ni kumshika mtoto mkono na kuugusisha kwenye udongo wa pipa. Saray alikunja vidole. Udongo ukaingia kwenye mikunjo.

Mashua ya Bibi Ubertina ilikuwa ya asubuhi hiyohiyo; gari la Medellín lilimngoja ng'ambo. Alikuwa amevua buti, amevaa viatu vilivyombana, na bila buti alionekana mtu wa kawaida, mzee kidogo. Benchi lote lilikuwa tupu, isipokuwa pipa upande huu na ndoo nyeupe upande ule.

Darlenis alimkumbatia, mtoto katikati yao. Asante zote zile za arobaini nzima zilimpanda mpaka kooni, na safari hii hapakuwa na jani lolote mkononi mwa bibi la kumzuia. Akafungua mdomo.

"Nyamaza," alisema Bibi Ubertina. "Bado hujamaliza kunywa mchuzi wangu. Mimi pia nina shida, na mimi pia nimeona haya tangu juzi. Nyumba ya Jáminton iko ghorofa ya tano, jua haliingii. Na udongo wa ndoo ile ulishakimbia mara moja, sitaki kuukimbiza tena. Uchukue. Uweke hapo, ubavuni kwa binti yako. Jani la mgomba libadilishe likikauka. Mbegu zikikomaa, dondosha palepale."

"Nitafanya, bibi. Nitafanya kila siku."

Mwenye mashua alipiga honi. Bibi Ubertina akachukua mfuko wake, akapiga hatua mbili kwenye kijia, akageuka, akatazama ndoo, au upande ilipo, kwa macho yale ya ukungu.

"Na ukimmwagilia, mwanangu, usimmwagilie kimya kimya. Mwite kwa jina lake. Hajazoea kunyamaziwa."